Seva Aliyoikataa Shangazi

Makao Makuu, Chumba cha Kompyuta
10 Februari

Kwa Dada mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe pamoja na wagonjwa wote wa wodi yako. Nimechagua kukuandikia badala ya kukupigia, kwa kuwa kwenye simu hunikatiza kabla sijafika kwenye kitenzi.

Nina furaha kukuarifu kwamba nimekabidhiwa jukumu zito. Kama ujuavyo, taasisi yetu hutengeneza miguu na mikono bandia. Matawi humpima mgonjwa kwa skana, kisha vipimo hivyo huletwa huku karakana kuu ili kiungo kichongwe. Hadi leo vipimo husafiri ndani ya flashi, kwenye gari lile lile linalopeleka viungo vilivyokamilika, na gari hilo huja kila Alhamisi likijisikia. Mimi ndiye nitakayeweka seva ya kupokea mafaili hayo kwa njia ya mtandao, na kulipatia kila tawi akaunti na funguo zake za kuingilia.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mkataba wangu wa majaribio unakwisha tarehe 31 Machi. Mkuu wa Idara ametamka mbele ya watu kwamba matawi yote yakiwa yameunganishwa siku hiyo, atasaini nithibitishwe kazini. Yasipounganishwa, tutaagana kwa heshima. Ni kazi yangu ya kwanza, Dada, na nimeitafuta kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Miongoni mwa matawi hayo limo la Shangazi. Nakuomba kwa unyenyekevu: usimwambie habari ya mkataba. Unamfahamu. Akijua kwamba ajira yangu inaning'inia, atabonyeza "ndiyo" kila mahali, atavunja kila utaratibu, atampa dereva nenosiri ili mradi tu mimi nifurahi. Nampenda, lakini usalama wa mafaili na huruma ya Shangazi haviwezi kukaa chumba kimoja.

Wako katika ujenzi wa maisha,
Mdogo wako


Makao Makuu, Chumba cha Kompyuta
13 Februari

Kwa Shangazi mpendwa, Msimamizi wa Tawi,

Shikamoo. Baada ya salamu, ninayo heshima kukufahamisha kwamba taasisi inaanzisha utaratibu mpya wa kupokea mafaili ya vipimo. Maelekezo ya usalama hayaruhusiwi kusafiri kwa barua pepe, kwa hiyo yatakuwa yakikufikia hivi, ndani ya sanduku la gari la viungo.

Tafadhali fungua programu ambayo fundi wa mtandao ameiweka kwenye kompyuta yako, uiamuru ikutengenezee funguo. Zitatoka mbili, nazo huenda pamoja. Ufunguo wa wazi utanitumia mimi kwa flashi, nami nitauweka kwenye seva. Ufunguo wa siri utabaki kwenye kompyuta yako, usitoke. Utakapotaka kuingia, seva itautazama ule wa wazi, itauliza kama mwenye wa siri yupo, na kompyuta yako itajibu. Hatua zote nimezieleza katika karatasi ya pili.

Ukifanikisha hilo, vipimo vya mgonjwa vitakuwa vikifika huku kabla hajavaa kiatu chake na kuondoka.

Mambo yangu ni shwari kabisa.

Wako mtiifu,
Ofisa wa Mifumo ya Kompyuta


Tawini
20 Februari

Mwanangu Mhandisi,

Marahaba. Barua yako imefika. Nimeisoma kwa sauti hapa karakanani, na fundi wa plasta akauliza kama imetoka bungeni. Nikamwambia imetoka kwa mtoto aliyekuwa akifanya hesabu zake za shule juu ya meza hii hii, suruali ikiwa nyeupe kwa plasta.

Hatua zako nimezifuata zote. Funguo zimetoka, mbili kama ulivyosema, nami nimezitia zote mbili kwenye flashi. Usiruke! Niliona umeandika wa siri ubaki kwangu. Macho yangu bado yanafanya kazi. Lakini nikajiuliza, mimi na wewe tumeanza lini kufichana? Nilikuogesha, nikakuuguza surua, nikakusindikiza hadi chuoni nikiwa nimebeba godoro lako kichwani. Mtu wa kumficha nusu ya ufunguo ni jirani, si wewe. Basi chukua zote, uzitumie upendavyo.

Fanyeni haraka na hiyo seva yenu. Nina mgonjwa hapa, kinyozi wa sokoni. Kigutu chake kimepungua, na kikombe cha mguu wa zamani, pale kigutu kinapoingia, kinacheza na kumchubua vibaya. Kusimama hawezi. Sasa ananyoa akiwa amekaa kwenye kigoda, na wateja wanakaa sakafuni katikati ya magoti yake kama wasichana wanaosukwa. Juzi aliketi bwana mmoja wa kitambi. Kunyolewa alinyolewa vizuri, kunyanyuka ndiko kulikoshindikana. Waliitwa watu wa duka la jirani wamwinue, na kila mmoja alikuwa na ushauri wake.

Vipimo vyake nimevipeleka kwa gari mara moja, flashi ikafika huko haisomeki. Sasa nangoja njia yako.

Unakula?

Shangazi yako


Makao Makuu, Chumba cha Kompyuta
27 Februari

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilipoifungua flashi yako na kukuta funguo mbili zimelala pamoja, nilihisi moyo unanishuka hadi kwenye soksi.

Naomba nieleze bila kukuvunjia heshima. Ufunguo wa siri uliokwisha kutoka kwenye kompyuta yako si wa siri tena, hata kama aliyeuona ni mimi. Dereva angeiangusha flashi hiyo njiani, aliyeiokota angeweza kuingia kwenye seva yetu akijiita wewe. Angefungua mafaili ya wagonjwa wako: majina yao, umri wao, picha za vigutu vyao. Kumbukumbu za seva zingesema ni Shangazi aliyefanya hayo, nami nisingekuwa na la kujibu. Nimelazimika kuzifuta zote mbili. Nakusihi utengeneze nyingine, ule wa siri uulinde kwa nenosiri ambalo mimi silijui, na unitumie wa wazi peke yake. Kunificha huko si kuninyima.

Lipo na jambo la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza. Siku utakapoingia kwenye seva kwa mara ya kwanza, itakuonyesha mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Huo ndio alama ya utambulisho wake. Kisha itakuuliza: "Je, unaiamini seva hii?" Usijibu lolote mpaka uwe umelinganisha mstari huo na ule nitakaokuandikia kwa mkono wangu. Ukifanana herufi kwa herufi, bonyeza "ndiyo." Usipofanana, huenda umefika kwenye mashine ya mtu mwingine inayojifanya sisi, na kila utakachotuma kitakwenda kwake. Basi jibu ni "hapana." Hata Mkuu wa Idara akikupigia simu mwenyewe, Shangazi, jibu ni "hapana" mpaka upate mstari sahihi kutoka kwangu.

Nimewaandikia matawi yote maneno haya haya. Nakiri kwamba kwako wewe nimeyapigia mstari.

Nakula vizuri.

Wako mtiifu,
Ofisa wa Mifumo ya Kompyuta


Tawini
6 Machi

Mwanangu,

Nilinuna. Sitakuficha. Nilinuna siku mbili, fundi wa plasta akaogopa hata kuniomba mkasi. "Nimefutwa," nikawa nasema. "Mtoto amenifuta."

Kisha akaja mama mmoja kupimwa, na mumewe nyuma yake. Mume akataka kuingia chumba cha kupimia. Nikamzuia mlangoni.

"Subiri nje, baba, mpaka mkeo aseme uingie."

"Mama, mimi ni mume wake!"

"Na mguu ni wake."

Akakaa kwenye benchi amefura. Mimi nikiwa mle ndani, nimeshika mkanda wa kupimia, ndipo barua yako iliponiingia. Miaka yote hii nimewafukuza waume, mama wakwe, hata mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu kigutu cha mtu si cha kutazamwa na kila anayempenda. Halafu nikachukua ufunguo wa chumba hicho hicho, nikautia kwenye gari pamoja na misumari na mikanda. Basi nimekuelewa. Ungenieleza hivyo tangu mwanzo, badala ya kuniandikia kama hakimu, nisingenuna.

Ufunguo wa wazi huu hapa, peke yake. Wa siri uko kwenye kompyuta, chini ya nenosiri ambalo hulijui na hutalijua. Fundi wa plasta amejaribu kulikisia mchana kutwa. Ametaja majina ya ukoo wetu wote, hata mbuzi tuliyewahi kufuga. Sasa ananiita Komando.

Ila nina swali. Barua zako zimekauka mno, mwanangu. Hata salamu zinatoka zimevaa tai. Kuna jambo?

Shangazi yako


Makao Makuu, Chumba cha Kompyuta
27 Machi

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya. Nimekuwa nikizunguka kwenye matawi mengine, ambayo yote sasa yameunganishwa. Limebaki lako tu, na hilo si kosa lako. Laini yenu ya mtandao ndiyo kwanza imerekebishwa.

Ufunguo wako wa wazi nimeuweka kwenye seva, na akaunti yako iko tayari. Jina la mtumiaji, pamoja na alama ya utambulisho wa seva, nimeviandika katika karatasi iliyoambatanishwa. Alama nimeigawa katika mafungu mafupi ili jicho lisichoke, nami nimeihakiki kwa kuisoma nikianzia mwisho kurudi mwanzo.

Tafadhali ingia siku ya Jumatatu, tarehe 31, asubuhi. Linganisha, bonyeza, kisha utume mafaili ya kinyozi. Hesabu yangu ni kwamba utamaliza kabla chai haijapoa.

Kuhusu swali lako, hakuna jambo lolote. Ni uchovu wa kawaida wa kazi.

Wako mtiifu,
Ofisa wa Mifumo ya Kompyuta


Tawini
31 Machi, jioni

Mwanangu,

Nimeikataa seva yako.

Nakuandikia sasa hivi, kabla watu hawajakusimulia kwa mdomo wao. Asubuhi nimewasha kompyuta, nimeandika jina la mtumiaji, nimetoa nenosiri la ufunguo wangu, yote sawa. Ukaja ule mstari. Nikaweka karatasi yako pembeni, kidole kwenye karatasi, fundi wa plasta kidole kwenye skrini. Fungu la kwanza tu, tukatazamana. Nikamwambia, "Anza tena, pengine umeruka." Akaanza tena. Hakuna hata fungu moja lililofanana. Nikabonyeza "hapana."

Nikakupigia, simu yako haipatikani. Nikapiga ofisini, wakasema umekwenda tawi la milimani kuangalia waya. Nikajaribu tena kuingia, mstari ule ule usiofanana, nikakataa tena. Alasiri ndipo Mkuu wako aliponipigia. Nakuandikia maneno yake kama yalivyokuwa, ili usije ukaambiwa nilimtukana.

"Bi Msimamizi, naona tawi lako bado. Hapo kuna kitufe cha 'ndiyo.' Kibonyeze tu."

"Mistari haifanani, Mkuu."

"Hiyo ni tahadhari ya kawaida. Leo imewatokea matawi yote. Wamebonyeza asubuhi na hakuna aliyekufa."

"Mimi nimeagizwa nisibonyeze."

"Na nani?"

"Na mtu wako wa kompyuta. Kwa maandishi."

Akacheka, si kwa ubaya. "Mama, mimi ndiye bosi wake."

"Najua, Mkuu. Amekutaja. Ameandika hata wewe ukipiga."

Hapo kicheko kikakatika. Nikasikia anavuta kiti. Akasema, taratibu sasa, kama anayezungumza na mgonjwa, "Nisikilize. Nadhani hujui. Mkataba wa huyu kijana unakwisha leo. Tawi lako peke yake ndilo limebaki. Ukibonyeza sasa hivi, mimi nasaini sasa hivi."

"Najua," nikamwambia.

Ndiyo, mwanangu. Nilijua. Dada yako alinipigia tangu Februari, wino wa barua yako haujakauka. Alisema, "Shangazi, nimeambiwa nisikwambie," akaniambia yote. Usimgombeze. Huyo hajawahi kuwa na breki mdomoni, na wewe ulilijua hilo tangu mnanyang'anyana maziwa. Alinieleza hata sababu yako. Kwamba nikijua, nitabonyeza "ndiyo" kila mahali kwa ajili yako.

Iliniuma kidogo. Kisha nikaona una haki ya kuogopa, maana muda si mrefu nikakutumia ufunguo wa siri kama zawadi. Ndiyo maana sikukuambia kwamba najua. Nilitaka ufanye kazi yako bila kunitazama usoni.

Sasa nikueleze kilichonipata pale mezani, simu sikioni. Kitufe kilikuwa mbele yangu. Kidole kilikuwa juu ya kipanya. Fundi wa plasta alikuwa ameacha kuchanganya plasta yake, ikamgandia kwenye ndoo, na kinyozi alikuwa kwenye benchi na kigutu chake kimefungwa bendeji. Wote wawili wananiangalia. Niliitaka ile "ndiyo," baba'ngu. Niliitaka kama maji. Lakini nikawaza kwamba nikibonyeza, Mkuu wako atakuwa amesaini ajira ya mtu ambaye agizo lake halishikwi hata na shangazi yake. Na hivyo vigutu mle ndani ya mafaili nitakuwa nimempelekea nani? Sijui. Wewe mwenyewe ulisema huenda ni mashine ya mtu mwingine.

Nikamwambia, "Mkuu, nisamehe sana. Nampenda huyu mtoto kuliko unavyoweza kufikiri. Sibonyezi."

Akakata simu.

Kinyozi akauliza, "Sasa?" Nikamwambia, "Sasa tunangoja." Akaniuliza kama seva ni mtu. Nikamwambia siku ya leo ni kama mtu, tena mwenye kiburi. Akainuka na magongo yake, akarudi kwenye kigoda.

Kama nimekupotezea kazi, basi nimekupotezea mimi, si mwingine. Njoo nyumbani unigombeze ana kwa ana. Nitakusikiliza mpaka mwisho bila kukukatiza.

Shangazi yako


Makao Makuu, Chumba cha Kompyuta
7 Aprili

Shangazi,

Shikamoo.

Nimeandika mwanzo wa barua hii mara kadhaa kwa lugha ninayoijua, nikauchana. Ngoja niandike tu.

Jumanne niliporudi kutoka milimani nilikupigia nikakusomea mstari mpya, nawe ukaufuata herufi kwa herufi, ukasema "ndiyo," ukakata simu. Hukuniambia neno lolote la simu ya Mkuu, nami sikuwa na ujasiri wa kukueleza kilichotokea. Ijumaa ya tarehe 28 Machi, baada ya gari kuondoka na barua yangu, diski ya seva iliharibika. Nilishinda Jumamosi na Jumapili nikiijenga upya. Seva iliyojengwa upya huwa na alama mpya. Nilijua hilo, ni somo la mwaka wa kwanza. Lakini niliporidhika kwamba mashine inawaka, niliona fahari, nikafunga mlango, nikapanda basi la milimani alfajiri bila kumwarifu mtu yeyote. Simu ikaniishia chaji njiani. Hakukuwa na mwizi. Aliyekuwepo ni mimi, nikijifanya mtu nisiyejulikana kwa matawi yangu yote.

Vipimo vya kinyozi vilifika Jumanne hiyo hiyo, visafi. Kikombe kimeshachongwa, na mguu wake utakuja kwa gari Alhamisi hii.

Barua yako nimeipata Ijumaa asubuhi. Siku hiyo hiyo nilitakiwa kukabidhi ripoti, kwa kuwa Mkuu aliniambia Jumanne, "Nipe maandishi, kisha nitaamua." Nilikuwa nimekwisha kuiandika na kuiweka mezani kwake. Ilikuwa ripoti nzuri, Shangazi. Ilisema matawi yote yameunganishwa, moja likiwa limechelewa siku moja. Nilikuwa naona itapita.

Nikasoma barua yako nikiwa nimesimama karibu na dirisha. Nilipofika pale uliposema kidole kiko juu ya kipanya, nilikaa.

Mkuu aliniita kabla ya saa sita. Karatasi ya kunithibitisha ilikuwa juu ya meza yake, kalamu juu yake. Niliona jina langu.

"Nimepitia ripoti yako," akasema. "Iko vizuri. Ongeza neno moja tu hapa penye ucheleweshaji. Andika ulitokana na ukaidi wa msimamizi wa tawi. Nisipoweka sababu, wakubwa wataniuliza. Hakuna atakayemfanya lolote, ni mwanamke anayeheshimika. Ongeza hilo, nami nasaini."

"Mkuu, haukutokana na ukaidi."

"Basi tafuta neno lenye adabu zaidi. Wewe ndiye msomi."

"Naomba ripoti yangu, niiandike upya."

Akanitazama juu ya miwani. "Upya vipi?"

Nikamweleza. Nikamwambia Jumatatu ile seva ilibadilika alama kwa kosa langu, na kila tawi lilionywa. Matawi mengine yote yalibonyeza "ndiyo" bila kuangalia, ingawa nilikuwa nimeyaandikia yasithubutu. Kama pale pangekuwa na mwizi, wangemkabidhi wagonjwa wote kabla ya chai. Tawi moja tu lilifanya nilivyoagiza. Kwa hiyo lililounganishwa kwa kuaminika ni hilo moja. Hayo mengine yanatakiwa yaanze upya, yafundishwe, yatengenezewe funguo nyingine.

"Kijana," akasema, "unaelewa unachojiandikia? Unaandika kwamba kazi niliyokupa haijakwisha."

"Haijakwisha, Mkuu."

"Na tarehe 31 imepita."

"Imepita."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati kwa muda mrefu mno. Kisha akauliza, "Huyu shangazi yako ni wa upande gani?"

"Yuko upande wa taratibu, Mkuu."

"Nauliza ukoo, wewe!"

"Nisamehe. Ni dada yake baba."

"Nilidhani hivyo," akasema, akairudisha ile karatasi kwenye droo.

Nimeandika ripoti upya Jumamosi nzima. Nimelitaja kosa langu bila kulizungusha, na tawi lako nimelieleza kama lilivyofanya, bila kulipamba. Leo asubuhi nimepewa majibu. Wameniongezea majaribio ya miezi mitatu, na kwenye faili langu limeingia onyo la maandishi kwa kubadilisha seva bila kuarifu. Mkuu ameniambia bila kuninyanyulia macho kwamba hakuna ahadi mwisho wa miezi hiyo. Itategemea kazi. Kesho naanza na tawi la milimani. Safari hii sitawatumia karatasi ya hatua. Nitakaa nao mezani, na kabla sijafungua kompyuta nitawauliza ni nani wanamruhusu kuingia chumba chao cha kupimia.

Dada hajui bado. Nimempita makusudi, kwa sababu akishajua wewe utakuwa umejua kabla sijafunga bahasha.

Niliogopa upendo wako, Shangazi, ndiyo maana nilikuficha. Nilifikiri ni kitu cha kukingwa kisinivurugie kazi. Nimeisoma barua yako tena sasa hivi, na sina maneno ya chuo kikuu ya kuijibu.

Sikuthibitishwa. Nimetaka uisikie kutoka kwangu.

Mwanao